Bustani ya mboga na bata watatu uani: mwongozo wa anayeanza

Kila anayetaka kuanza bustani na bata nyumbani huja na maswali yaleyale. Bata lazima wawe na bwawa? Hapana. Watakula mboga zangu? Ndiyo, zote, na mapema kuliko unavyodhani. Wananuka? Kinachonuka ni maji yaliyotuama na maranda yaliyolowa. Bata mwenyewe ni ndege msafi. Nianze na wangapi? Majike watatu, bila dume. Liko swali moja ambalo karibu hakuna anayeliuliza mpaka ua wake umegeuka tope: maji machafu ya bata yataelekea wapi? Ukilijibu hilo kabla hujanunua chochote, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kiwanja cha kawaida cha pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chanika, Kibaha, Bunju au Kigamboni: mita 20 kwa 20, nyumba katikati, udongo wa kichanga, maji ya bomba ya mgao au kisima chenye chumvichumvi. Ukiwa Mbeya au Lushoto, majira yako ya kupanda ni tofauti na baridi yako ni kali zaidi kwa vifaranga. Mengine ni yaleyale.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa bustani:
- Eneo la mita 4 kwa 5 linalopigwa na jua angalau saa 6 kwa siku. Chini ya mwembe hapafai.
- Jembe, reki, na keni ya kumwagilia. Dumu lililotobolewa matundu madogo linatosha pia.
- Samadi iliyooza, ndoo ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba ya tuta. Ya ng'ombe, mbuzi au kuku, ilimradi haina joto ukiingiza mkono na hainuki mkojo.
- Mbegu za mchicha, bamia, ngogwe na sukuma wiki, pamoja na marando ya matembele. Marando usinunue, muombe jirani.
- Nyasi kavu au majani makavu ya migomba ya kutandaza.

Kwa bata:
- Mirunda, mabanzi, bati mbili au tatu, na wavu wa matundu madogo.
- Karai au mabeseni mawili yenye kina cha sentimita 15 hadi 20.
- Gunia la maranda ya mbao au makapi ya mpunga.
- Chakula cha mwezi mmoja. Bata mkubwa hula gramu 150 hivi kwa siku, kwa hiyo watatu weka kilo 15.
- Namba ya simu ya afisa mifugo wa kata yako. Itafute leo. Usisubiri siku bata ameanguka.

Kuna na ruhusa. Ukiwa umepanga, zungumza na mwenye nyumba. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo kuhusu mifugo mjini, hivyo pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize. Jirani anayegusana nawe ukuta mwambie mapema. Ukimpelekea mayai ya kwanza, mambo yatakuwa mepesi.

Hatua kwa hatua

1. Fuata maji. Mwaga ndoo mbili za maji katikati ya ua uangalie yanakokimbilia. Upande wa juu ndio wa banda la bata. Upande wa chini ndio wa bustani na migomba. Ukigeuza, kila mvua ya masika itajaza maji bandani. Kama una kisima, banda na mtaro wake vikae upande wa chini wa kisima, mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu. Angalia na upepo: kusi hutawala kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba, kaskazi miezi mingine, na hakuna anayetaka banda lipulizie jikoni kwa jirani nusu ya mwaka.

Onja pia maji ya kisima. Chumvi ikisikika ulimini, mchicha utavumilia kiasi, maharage na pilipili hoho vitadumaa, na vifaranga wa bata wasiyanywe kabisa.

2. Jenga uzio kabla ya kupanda. Wengi hununua bata kwanza kwa sababu bata wanapendeza, kisha wanatafuta wavu mchicha ukiwa umeshaliwa. Anza na uzio wa bustani. Bata mzito aliyekatwa manyoya ya bawa (hatua ya 7) haruki uzio, kwa hiyo urefu wa sentimita 75 unatosha, mradi chini hakuna mwanya. Bata wa hivyo hapiti juu. Hupenya chini, kichwa kwanza, na mwili unafuata. Fukia wavu sentimita 10 ardhini au uubane kwa mawe.

3. Andaa matuta. Upana uwe mita 1, ili uweze kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga udongo. Urefu ni wako. Acha njia ya sentimita 40 kati ya tuta na tuta. Chimba sentimita 30 kwenda chini, changanya samadi, sawazisha kwa reki.

Masika, Machi hadi Mei, inua tuta sentimita 20 ili mizizi isizame. Kiangazi, kwenye mchanga wetu wa Pwani, fanya kinyume: kitanda kiwe chini kidogo ya njia, maji yabaki pale unapoyamwaga. Watu wengi hunyanyua matuta mwaka mzima kwa mazoea, halafu wanashangaa mboga inanyauka saa 6 mchana ilhali wamemwagilia asubuhi.

4. Panda visivyokuvunja moyo. Mchicha ndio wa kwanza. Changanya mbegu na mchanga mkavu zisirundikane, mwaga katika mistari yenye nafasi ya sentimita 20, funika kwa udongo mwembamba sana. Baada ya wiki 3 au 4 unang'oa au unachuma. Matembele: kata marando ya sentimita 30, fukia theluthi mbili yakiwa yamelala, mwagilia kila siku kwa wiki ya kwanza. Yakishashika, utachuma kwa miezi.

Bamia loweka mbegu usiku mmoja, panda moja kwa moja, sentimita 30 mche hadi mche. Utaanza kuvuna baada ya siku 50 au 60. Ngogwe na sukuma wiki huanzia kitaluni wiki 4 hivi, kisha huhamishwa jioni, si mchana, sentimita 60 kwa ngogwe na 45 kwa sukuma wiki.

Nyanya ziache msimu wa kwanza. Tangu kantangaze, kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya, aingie nchini mwaka 2014, nyanya ni zao la mtu aliye tayari kukagua majani kila siku. Utakuja kuzipanda ukishazoea.

Tandaza nyasi kavu baina ya mimea ikishafika kiganja kimoja. Hilo moja hupunguza umwagiliaji kuliko ufundi mwingine wowote ninaoujua.

5. Jenga banda la kulala, si la kuishi. Bata hushinda nje. Banda ni la usiku na la kutagia. Kwa watatu, mita 1 kwa 1.5 inatosha, na ukiwa na nafasi fanya mita 2 ili baadaye usivunje. Nusu ya chini ya ukuta iwe mabanzi, nusu ya juu wavu, hewa ipite. Bata hapendi joto la bati lililofungwa; makuti juu ya bati hupooza sana.

Sakafu iwe ya udongo ulioshindiliwa au zege laini, juu yake maranda ya unene wa sentimita 10. Usiweke sakafu ya wavu wala kokoto kali, kwa sababu nyayo za bata ni laini na kidonda kidogo huvimba. Mlango uwe mpana, sentimita 40 au zaidi: bata hutoka wote kwa pamoja, wakigombania. Weka kiota cha boksi chini, sentimita 40 kwa 40, kona yenye giza.

Adui wa usiku ni kicheche, kenge, nyoka, mbwa wa mtaa na paka. Wavu wa kuku wa kawaida humzuia bata asitoke, haumzuii kicheche asiingie. Sehemu ya banda tumia wavu mgumu wa matundu madogo, na komeo ambalo mbwa akilisukuma halifunguki. Funga kila jioni kabla ya saa 1. Ukisahau siku moja, ndiyo siku hiyo.

6. Tengeneza kona ya maji. Hapa ndipo bustani na bata vinapokutana, kwa hiyo tumia muda wako hapa.

Bata anahitaji maji ya kuzamisha kichwa kizima, macho na pua, ajisafishe. Asipopata, macho hunata na pua huziba. Anahitaji pia maji kila anapokula, kwa sababu chakula kikavu humkaba. Hayo mawili yanatimizwa na beseni la lita 30 au 40. Bwawa ni starehe. Ila beseni hilo litachafuka ndani ya saa moja, na kila siku utamwaga.

Chagua mahali pa juu kidogo karibu na banda. Chimba shimo jembamba la kina cha sentimita 20, lijaze kokoto za mviringo, weka beseni juu yake. Kutoka hapo chimba mtaro mdogo unaoteremka hadi kwenye mashimo mawili ya migomba, kila moja sentimita 60 kwa 60, limejazwa samadi na udongo wa juu. Mgomba hunywa maji ya bata mwaka mzima bila kulalamika. Mpapai usiuweke hapo. Mizizi yake huoza maji yakituama.

Maji yasilale kwenye beseni zaidi ya siku mbili, na kila yanapomwagwa beseni lisuguliwe. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana katika vyombo vya maji safi uani. Usiwe wewe unayewafugia mtaa mzima.

7. Nunua bata sasa. Mboga zikiwa zimeshika na banda limekauka, nenda kwa mfugaji nyumbani kwake, si sokoni ambako ndege wa kila pembe wamechanganywa kwenye matenga. Bata waliozagaa huku kwetu ni wale wenye vinundu vyekundu usoni. Kwa anayeanza ndio ninaowapendekeza: hawapigi kelele, wanajitafutia, wanaatamia wenyewe. Wale weupe wenye mdomo wa njano hutaga vizuri lakini mtaa mzima utajua wameamka.

Chukua waliokwisha kukua, miezi 4 hadi 6. Vifaranga wa wiki moja ni kazi nyingine, waache kwanza. Kagua hivi: macho yanang'aa, pua kavu, hachechemei, manyoya ya chini ya mkia ni safi, ukishika kifua unahisi nyama pande zote za mfupa. Dume wa aina hii hukaribia uzito mara mbili ya jike na hutoa sauti ya kufoka bila mlio. Muuzaji akikwambia watatu wote ni majike na mmoja ni mkubwa hivyo, mshukuru na umrudishie huyo.

Usimwinue bata kwa miguu. Miguu yake huvunjika au kuteguka upesi. Mkumbatie mabawa yakiwa yamebanwa mwilini, na uvae mikono mirefu kwani kucha zao ni kali.

Bata hawa wanaruka. Kabla hujawaachia, kunjua bawa moja tu, kata kwa mkasi manyoya marefu ya nchani, nusu ya urefu wake. Unyoya ambao kikonyo chake bado kina damu usiuguse. Yataota upya wakinyonyoka, nawe utakata tena.

8. Wafungie wiki ya kwanza. Wakae ndani ya banda na kiua kidogo kilichozungushiwa, walishwe hapohapo, asubuhi na jioni, na sauti moja ya kuwaita. Baada ya hapo wafungulie saa moja kabla ya magharibi, wakiwa hawajala. Watarudi wenyewe. Anayewafungulia siku ya kwanza hutumia jioni nzima kuwatafuta uchochoroni.

Kama una kuku, wapate chanjo ya kideri kila miezi 3 bila kukosa. Bata huweza kubeba kideri bila kuonyesha dalili, akakuulia kuku wote. Banda liwe tofauti. Bata hulowesha kila kitu, kuku huugua kwa unyevu.

9. Lisha kwa akili. Mchanganyiko wa karibu kilo 10 kwa bata wanaotaga:
- Pumba ya mahindi, kilo 6.5
- Mashudu ya alizeti, kilo 2
- Dagaa waliosagwa, wasio na chumvi, gramu 700
- Chokaa ya mifugo, gramu 700
- Chumvi, gramu 30

Chokaa ni ile ya duka la mifugo. Ya kupakia ukuta inaunguza. Kwa bata ambao hawajaanza kutaga, punguza chokaa iwe gramu 100 tu. Lowanisha chakula kwa maji kidogo kiwe kama makombo ya ugali, weka kinachomalizika ndani ya nusu saa, osha chombo.

Ongezea majani ya mchicha yaliyokomaa, maganda ya papai, matikiti, majani ya matembele, mabaki ya wali usio na chumvi nyingi. Usiwape maganda wala majani ya parachichi, kisamvu kibichi, viazi vya kijani, maharage makavu mabichi, wala chochote chenye ukungu.

Hilo la ukungu nalisisitiza. Wengi wanafikiri mahindi yaliyooza ndiyo "ya kuwapa bata". Sumukuvu humuua kifaranga wa bata mapema kuliko kuku. Mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumu hiyo; baadaye vifaranga wa bata ndio waliotumiwa maabara kuipima, kwa jinsi wanavyodhurika nayo upesi. Pumba ikinuka uvundo, itupe kwenye mboji.

10. Peleka maji na mbolea bustanini. Maji ya beseni yaliyokorogeka ni mbolea ya kimiminika. Mwaga kwenye udongo, kwenye shina la ngogwe, bamia na bilinganya, si juu ya majani. Kinyesi cha bata kina maji mengi na hakiunguzi kama cha kuku, lakini kinaweza kubeba vijidudu vya kuhara. Kwa hiyo mboga inayoliwa mbichi, yaani saladi, hoho, na chochote cha kachumbari, haiguswi na maji haya. Inapata mboji iliyooza tu.

Maranda ya banda yakilowa, chota sehemu iliyolowa, ongeza makavu juu. Kila mwezi hivi toa yote, lundika pamoja na majani mabichi na mabaki ya jikoni, mwagia, geuza kila wiki 2. Miezi 3 baadaye una samadi yako mwenyewe na hununui tena.

11. Waingize bustanini kwa ratiba. Bata ni hodari wa konokono wadogo, konokono uchi, panzi na viwavi. Hachakuri kama kuku, lakini anakanyaga, na mdomo wake hulima tope kutafuta minyoo. Kanuni ninayoifuata ni rahisi: matuta ya mboga za majani hawaingii kamwe yakiwa na mboga. Matuta ya bamia, ngogwe na bilinganya wanaingia mimea ikiwa imevuka magoti, asubuhi wakishataga au jioni, kwa muda wa saa moja hivi, nawe ukiwepo. Tuta lililovunwa likaisha, wape siku 3 au 4 walisafishe, kisha upande kitu kitakachopikwa.

Konokono wakubwa wa masika, wale wa ukubwa wa ngumi, wapondee kwanza. Wakijaribu kumeza gamba zima hukabwa.

Ukipulizia dawa ya wadudu, bata nje, hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Sumu ya panya usiitumie kabisa. Bata humla panya aliyekufa.

12. Mayai, na baadaye vifaranga. Bata hawa huanza kutaga wakiwa na miezi 6 au 7. Wengi hutaga alfajiri au asubuhi, hivyo usiwafungulie kabla ya saa 2 au 3, la sivyo utaokota mayai chini ya mpera wa jirani. Yai chafu lipanguse kwa kitambaa kikavu, usililoweke. Lipike mpaka kiini kishike.

Bila dume mayai ni yaleyale, ila hayatotoi. Jike akiamua kuatamia, mwondolee mayai na umtoe kiotani mara kadhaa kwa siku, atarudia kutaga. Ukishajiona umemudu hao watatu, leta dume mmoja kutoka kundi jingine. Jike ataatamia siku 35, si 21 kama kuku. Kila mwaka kuna watu wanaotupa mayai mazima siku ya 25 wakidhani yameharibika. Vifaranga waliototolewa na mama yao waache naye. Wape chakula cha kuanzia cha vifaranga kisichochanganywa na dawa, kwa wiki 3, na maji kwenye chombo cha kina kifupi chenye mawe ndani, wasizame. Waliolelewa bila mama wasiogelee mpaka waote manyoya halisi, kwa sababu bado hawana mafuta ya kuzuia maji.

Mambo yakienda kombo

*Miche inakatwa shingoni usiku.* Ni sota. Fukua udongo kuzunguka mche asubuhi na mapema, utamkuta amejikunja. Mpe bata.

*Miche inalala kitaluni, shina limesinyaa chini.* Kinyausi. Umemwagilia kupita kiasi au umebananisha mbegu. Punguza miche, punguza maji, ondoa kivuli kizito.

*Sukuma wiki ina wadudu wadogo chini ya majani na inanata.* Wadudu mafuta. Kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja, puliza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku 3. Osha mboga vizuri kabla ya kupika.

*Mboga ni za njano japo namwagilia maji ya bata.* Kanuni ni ndoo moja kwa mita ya mraba kwa wiki. Zaidi ya hapo unazamisha mizizi. Chimba kidogo: udongo ukinuka yai bovu, acha ukauke.

*Banda linanuka.* Tafuta maji. Kuna beseni ndani, bati linavuja, au maranda yamekwisha. Bata wakubwa wanaweza kulala bila chakula wala maji hadi asubuhi, hivyo toa vyote viwili usiku, hasa masika.

*Bata hatagi.* Hesabu umri wake kwanza. Kama amefika, angalia kama ananyonyoka manyoya, kama amehamishwa karibuni, kama chakula ni pumba tupu. Kisha pekua vichaka, mara nyingi mayai yapo.

*Maganda ya mayai ni laini.* Ongeza chokaa ya mifugo, iweke kwenye chombo chake pembeni wajichukulie.

*Kifaranga miguu imelegea, anatembea kwa magoti.* Chakula cha vifaranga wa kuku mara nyingi kina upungufu wa niasini kwa bata. Nunua duka la mifugo vitamini za kundi B za kuchanganya kwenye maji, ongeza dagaa. Ukiwahi, anasimama ndani ya siku chache. Ukichelewa, miguu inabaki imepinda.

*Bata mkubwa shingo imelegea, hawezi kuinua kichwa.* Amekula mzoga au funza wake, au amechokonoa tope bovu. Mtenge, mpe maji safi kidogo kidogo huku ukimshika kichwa, tafuta na kuondoa mzoga, mpigie afisa mifugo. Baadhi hupona.

*Anachechemea.* Angalia chini ya wayo. Uvimbe wenye doa jeusi ni kidonda kilichoingia uchafu: osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, mlaze kwenye maranda mazito, ondoa kokoto kali njiani.

*Dume anawapanda kuku au anawachubua majike.* Majike ni wachache. Dume mmoja anataka majike 3 hadi 5, na kuku hawahesabiki, anaweza kuwaumiza. Mtenge au mle.

*Wanakufa wawili watatu kwa siku moja.* Usichinje waliobaki ukauza, usimpe mtu, usitupe mzoga jalalani. Funga wote ndani, usiruhusu mtu aingie na viatu vyake, mpigie afisa mifugo kabla hujazika ili achukue sampuli. Kisha shimo la kina cha mita 1 au zaidi, mbali na kisima, na banda likae tupu hadi atakapokwambia.